Tisini na Nne

Nesi alimbana mdogo wangu kidole kwa kile kidude cha kupimia hewa mwilini, akasoma. "Tisini na nne. Kitanda ni kwa walio chini ya tisini na mbili. Mrudishe nyumbani, anywe maji mengi."

Nyumbani? Nilimkodolea macho. Mdogo wangu tunamwita Domo kwa sababu hanyamazi hata akilala, na tangu alfajiri alikuwa hajatamka neno. Alikaa kwenye benchi, mabega yanapanda na kushuka, anahema kama kapandisha gunia la saruji ghorofa ya nne.

"Pima tena."

Akapima. Tisini na nne ileile.

Mimi ni dobi wa hospitali hiyohiyo, mwaka wa kumi na moja sasa, na anayenihimiza niondoke na mgonjwa simwamini. Tangu virusi hivi viingie, tunaokufa zaidi ni sisi watu wa bondeni. Wa mlimani wanaugua, wanapona. Daktari mmoja wa utafiti alikuja kututoa damu, akasema huenda ni mambo ya kurithi. Kurithi! Bondeni tulirithi weusi na ubishi, basi. Mimi nilijua hawa wa mlimani wana lao jambo: vitanda wanawawekea wenzao.

"Sista, wewe si wa mlimani?" nikamuuliza.

Uso wake wa maji ya kunde ukaiva. "Dada, usinitafute ubaya. Haya, mimi nina upendeleo. Na kidude nacho kina upendeleo?"

Nikamgeukia Domo, nikambinua mdomo wa chini. Kwa nje ni mweusi tangu azaliwe, huoni kitu. Ndani palikuwa na ubluu. Mimi shuka jeupe lililofuliwa pamoja na la bluu nalijua hata umeme ukikatika.

"Niitie daktari," nikasema. "La sivyo nakaa hapahapa sakafuni, na leo hakuna wodi itakayopata shuka safi."

Daktari alikuja amenuna. Akachoma sindano kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, damu ikapelekwa kwenye mashine ya maabara. Majibu yaliporudi aliyasoma mara mbili. Themanini na moja.

"Kidude kinapitisha mwanga kwenye ngozi," akasema polepole. "Ngozi ikiwa nyeusi sana, wakati mwingine kinazidisha namba."

"Ulikuwa unajua?"

"Tulisoma chuoni."

"Ala! Ukasoma, ukaweka wapi?"

Akageuka kuagiza kitanda. Domo akapewa kitanda na hewa, na baada ya muda akafumbua macho akanitazama.

Nilipotoka nilimkuta nesi ameinamia daftari, machozi yanamtoka. "Wiki hii nimewarudisha watu kumi na tisa wa bondeni," akasema. "Wote kwa namba hizihizi. Dada, wewe unawajua. Nisaidie kuwapigia."

Nilikuwa nimemwandalia matusi ya kutosha. Nikayaacha, nikavuta kiti.

Wa kwanza simu iliita mpaka ikakata. Wa pili alipokea mkewe. Nikamwambia amlete mumewe hospitali sasa hivi, asingoje.

"Aa, wifi, amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Amepumzika vizuri, tangu asubuhi hajajigeuza hata mara moja. Na hospitali walisema ni mzima, nimwache tu alale."