Tundu Lililokuwa Likipona

Asubuhi ya Jumatatu fundi wa kulehemu alivaa miwani yake, akaipangusa kompyuta iliyokuwa mezani, akaona kwamba tundu pana la kuchomekea pini ya waya, alilolitoboa ubavuni mwa kompyuta hiyo Ijumaa, limeziba kwa ngozi. Ngozi hiyo ilikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Kompyuta zote zilizokuwa rafuni zilikuwa vivyo hivyo.

Alimwita mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pini. Jina hilo alilijua na alilipenda. Bwana Pini aliibonyeza ngozi kwa kidole gumba.

"Yamepona," alisema. "Toboeni upya."

"Mzee, duniani kote watu wamehamia tundu jembamba. Tuliweke na sisi. Mdogo wangu ni muuguzi wodi ya watoto. Kompyuta yetu ndiyo inayoendesha mashine ya kumpumulisha mtoto, na waya wa mashine ni mwembamba. Wameweka kiunganishi katikati, nacho kinachomoka. Kikichomoka, mtoto anakosa pumzi."

"Tundu hili alilianzisha marehemu baba. Ya kale ni dhahabu, binti."

"Hii si dhahabu, mzee. Ni nyama."

"Mwambie mdogo wako akishike."

"Anakishika. Ndiyo kazi anayofanya kutwa."

"Basi hakijachomoka," alisema Bwana Pini, akarudi ofisini.

Walitoboa. Damu ilitoka kidogo, wakaifuta kwa pamba. Kesho yake matundu yalikuwa yamefumba tena.

Mfungashaji mizigo, mwanamke mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Shangazi, aliwacheka. "Ninyi masikio yenu yalitobolewa na nani? Tundu bichi haliachwi tupu. Tieni kijiti cha ufagio."

Wakatia. Kufikia mchana karakana haikuwa na ufagio. Bwana Pini aliridhika sana, akaagiza mafagio mengine, na kijiti kikatangazwa kwa wateja kuwa ndicho kipya katika toleo la mwaka huo.

Jumamosi fundi alikwenda wodini. Kompyuta ya toleo jipya ilikuwa kando ya kitanda. Kijiti kilikuwa kimetolewa ili kiunganishi kiingie, na ngozi ilikuwa ikikisukuma nje, kama ufizi unavyolisukuma jino la utoto. Muuguzi alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Dada, nishikie nikatie kitu tumboni. Tangu alfajiri sijaonja hata maji."

"Nikaze kiasi gani?"

"Ikikusukuma, nawe isukume. Usijikune hata pua."

Walibadilishana mikono pole pole, kidole kwa kidole. Mashine ilikohoa mara moja, kisha ikaendelea. Upande wa pili wa kitanda aliketi mama wa mtoto. Hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akiitazama ile mikono.

Fundi alilisikia joto la tundu alilolitoboa mwenyewe. Lilikuwa likipona vizuri.