Mzee wa Kwenye Kioo

Simu ya Mniko ilimkuta mdogo wake Robi mjini Bunda, akipiga picha za magauni ya vitenge ya fundi Gaudensia. Baba yao, mzee Bernado, alikuwa ameanguka asubuhi hiyo kule Butiama akitoka zizini, na hakuamka tena. Robi akakaa chini palepale vumbini, kamera shingoni. Kaka yake hakuwa amemaliza.

"Mambo ya jeneza na chakula tuachie sisi. Wewe leta picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Kubwa, nzuri."

Nani mwingine angeombwa? Nusu ya sura za Musoma zilikuwa zimepita mbele ya kamera ya Robi: maharusi, wahitimu, mapadri wa jubilei. Vyumba vya hoteli za kando ya ziwa vilipendeza kwenye picha zake kuliko vilivyokuwa, hata wageni wakifika wakanung'unika.

Na mzee alikuwa naye kote huko. Tangu amwachie Mniko ng'ombe, kila bintiye alipokuwa na kazi alikuja kumshikia shuka jeupe, lile la kurudisha mwanga usoni kwa anayepigwa picha. Robi akimwambia, "Baba, na wewe kaa nikupige moja," alijibu, "Mimi nitakimbilia wapi? Maliza kwanza wateja." Basi wateja ndio walikuwa hawaishi.

Alirudi Musoma, akafungua kompyuta, akatafuta. Alipata kidole cha baba kwenye pindo la shuka. Alipata ncha ya kiatu chake chini ya gauni la bibi harusi. Kwingine kote alikuwa amemkata, maana picha nzuri haionyeshi mfanyakazi. Kisha akafikia chumba kimoja cha hoteli, chenye kabati la kioo, akaikuza picha haraka. Siku ile baba alionekana mzima kabisa ndani ya kioo kile!

Kioo kilionyesha pazia tu. Alilichora mwenyewe pazia lile, kwa subira, juu ya baba yake, na kazi ilipoisha alijisifu. Picha ya mwanzo aliifuta ili apate nafasi. Robi alilia kwa sauti, jirani akaja kugonga mlango.

Mniko alipopiga tena, akamwambia atumie ya kitambulisho cha taifa. "Wakiikuza si inatosha?"

"Kaka, pale anaonekana kama mshtakiwa. Siwezi."

Alikuwa bado na simu mkononi alipomkumbuka Jastin, meneja wa hoteli ile. Kabla ya kusafisha picha alimtumia aione, naye alijibu kwa neno moja: mtoe huyo mzee. Jastin ni mtu asiyefuta kitu kwenye simu, hata matangazo ya vikao vilivyokwisha pita. Robi akampigia, akamweleza.

"Yule mzee wa kwenye kioo?" Jastin akauliza. "Dada Robi, nilikuwaga sijui ni baba. Pole sana. Ngoja niitafute."

Ikaja.

Butiama alifika na fremu kifuani. Mniko aliipokea, akakunja uso. "Mbona kuna kitanda? Na shuka hilo? Si ungekata ubaki uso tu?"

Robi akaichukua tena fremu. Alikuwa amekata vya kutosha. Alimpelekea mama yake, Pelagia, aliyekaa mkekani katikati ya wanawake. Mama akafuta kioo cha fremu kwa ncha ya khanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haangalii kamera," akasema.

"Hapana, Mama. Anaangalia pembeni."

"Na anacheka. Baba yako alikuwaga hachekagi mbele za watu. Hapa alikuwa anamwangalia nani?"

Robi alipiga magoti. Siku ile yeye alisimama kando ya kamera iliyokuwa kwenye stendi, rimoti mkononi, kichwa ameinamisha, akihangaikia mkunjo mmoja wa shuka la kitanda. Hakuinua macho hata mara moja.

"Mimi, Mama," akasema. "Alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi nilikuwa naangalia kitanda."