Nimeshapoa

Kijimashine chenyewe hakikuwa kikubwa kuliko sahani ya kulia. Kilikuwa na mfuniko wa zambarau, matundu saba ndani, na kitaa kilichowaka kijani kikishapata moto. Karani wa posta alikishinda kwenye bahati nasibu ya kazini, akakiweka juu ya meza ya jikoni, na tangu siku hiyo msemo wake ukawa mmoja: "Kinapika chenyewe."

Kwa hiyo alipowaalika wenzake Jumatano saa kumi na moja jioni, kumuaga bosi aliyestaafu, hakuona haja ya kumuuliza mkewe. Alimtajia idadi tu. Keki ndogo arobaini na mbili.

"Leo nina mtihani," mkewe alisema. "Saa hiyo hiyo."

"Arobaini na mbili gawanya kwa saba ni mara sita. Kila mara dakika nane. Si wewe ndiye msomi?"

Nyumba nzima ilimwita Mwanafunzi, kwa utani wenye vimiba. Miaka miwili alikuwa akihudhuria darasa la jioni, na mtihani huu wa mwisho ndio uliokuwa mlango wa chuo cha ukunga. Geti la shule lilifungwa saa kumi na moja kamili. Aliyechelewa alisubiri mwaka. Hesabu ya mumewe ilikuwa sahihi, ila ndani yake hamkuwa na kukoroga, kupaka matundu mafuta, kuchokonoa keki kwa uma, wala waya uliolegea ambao usiposhikiliwa kitaa kilizimika.

Saa nane na nusu alimimina uji wa unga kwa mara ya kwanza. Karani, aliyeomba ruhusa kazini ili ajiandae kwa wageni, alipita jikoni kuchukua maji, akaliona jasho.

"Pole na kazi, mke wangu."

"Nimeshapoa," alijibu, kama inavyojibiwa, ingawa alikuwa anachemka.

Alipofunua mfuniko, keki saba zilijing'oa kwenye matundu, zikapanda taratibu, zikagota dari na kutulia hapo. Karani alizitazama huku akimalizia maji yake.

"Zimeumuka vizuri," alisema, akarudi sebuleni.

Mara ya pili alipunguza unga wa kuumulia. Wifi yake, msusi wa nywele, alikuja kulamba mwiko. "Pole, wifi. Ningekusaidia, ila hizi kucha rangi bado mbichi." Keki zikapanda. Mara ya tatu hakutia kabisa unga wa kuumulia, tena aliongeza zabibu kavu ziwe nzito. Jirani, fundi cherehani, akachungulia dirishani: "Pole, shoga. Naona leo umeshikika." Zabibu zilipanda pamoja na keki zake.

Hapo Mwanafunzi akajua kosa si la unga. Alikwenda sebuleni, mwiko mkononi.

"Naomba msiniambie pole tena. Naomba mtu mmoja aje anishikilie waya."

Mumewe aliingiwa na huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Kumbe umechoka kiasi hicho? Pole sana."

"Pole mno, wifi yangu," dada yake akaitikia.

Jikoni mfuniko ulifunguka wenyewe, na keki za mara ya nne zikaondoka zikiwa nusu mbichi.

Mama mkwe peke yake hakusema pole. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, gauni limevutwa upande mmoja na mfuko mzito ambao miaka yote watu walidhani umejaa funguo.

Mwanafunzi alijifungia jikoni. Alipanda juu ya meza na ufagio, akaziopoa keki moja moja, akarudia zile mbichi, akamaliza zilizobaki, akazifunika zote kwa masufuria na juu yake akaweka ndoo za maji. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi na nne. Alitoka na kalamu, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

Mlinzi alikuwa ameshafunga kufuli. Kupitia nondo alimwona kila mwenzake ameinama, na kiti kimoja kitupu.

"Dakika nne tu, kaka."

"Naona, dada. Ingekuwa mimi ningekufungulia. Pole sana."

Visigino vyake viliachana na ardhi. Alirudi nyumbani akiigusa barabara kwa vidole vya miguu, akijishikiza kwenye kuta za watu. Waliopishana naye walimsalimia, naye akaitikia.

Sebuleni wageni walikuwa wameshafunua masufuria, kwa hiyo walikula wakiwa wamesimama juu ya viti.

"Keki nyepesi namna hii sijapata kula," bosi alisema, mdomo ukiwa umejaa.

"Ni ile mashine. Inapika yenyewe." Karani akamwona mkewe mlangoni. "Vipi, umewahi?"

"Wamefunga."

"Aa, pole sana, mke wangu. Si mwakani upo?"

Na wageni, watu wenye adabu zao, wakasema pole kwa pamoja.

Mwanafunzi alipanda mpaka kichwa kikagota dari, kati ya taa na keki mbili zilizosalia. Kutoka huko aliliona vumbi la juu ya kabati, na akajua ni nani atakayelifuta.

Mama mkwe alimshika kifundo cha mguu, akamvuta hadi jikoni kama anayeanua nguo. Kisha akatoa mfukoni jiwe la kusagia, laini kwa kushikwa, akamtumbukizia kwenye mfuko wa gauni. Nyayo zikatua sakafuni.

"Alinipa mama mkwe wangu," alisema. "Siku hiyo nilikuwa juu ya bati tangu asubuhi."

"Sasa wewe, mama, utashikiliwa na nini?"

"Mimi? Siku hizi hakuna anayeniambia pole."

"Si ungemwambia tu mwanao aje ashike waya?"

Mama mkwe alilitafakari jambo hilo, kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

"Jiwe ni rahisi zaidi, mwanangu."

Jumatano iliyofuata Mwanafunzi alikuwa mbele ya kijimashine tena. Mfuko mmoja ulikuwa na jiwe. Wa pili ulikuwa na fomu ya mtihani wa mwakani, imeshajazwa, na aliigusa kila kitaa kilipowaka. Karani aliingia kuchukua maji, akaliona jasho.

"Pole na kazi, mke wangu."

Visigino vilinyanyuka kidogo, jiwe likavirudisha.

"Nimeshapoa," alisema, akasogea pembeni kuzipisha keki saba.