Lifti Iliyobeba Watu 214 Siku ya Jumapili

Mama yangu anauza chai kwenye jengo la Idara ya Majengo ya Serikali. Ngoja, usipite haraka hapo. Idara ya Majengo! Hao ndio wenye kazi ya kuhakikisha majengo yote ya serikali yana milango inayofunguka, mabomba yanayotoa maji na lifti zinazopanda. Na lifti ya jengo lao wenyewe imekufa miaka mitatu. Mlangoni wamebandika karatasi, "Inatengenezwa, samahani kwa usumbufu," na karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano kama kiini cha yai.

Jiko la Mama liko chini uani, kwa sababu juu hawaruhusu moto. Wateja wako ghorofa zote saba, na wanaokunywa kuliko wote ni wa ghorofa ya saba. Sijui huko juu kuna nini kinachokausha koo hivyo. Kufika kwao ni ngazi mia moja hamsini na nne, nimezihesabu mwenyewe. Mama alikuwa anazipanda mara nne kwa siku, birika mkono huu, kikapu cha vikombe mkono ule.

Basi goti likagoma. Likavimba likawa kama limemeza tikiti. Daktari akalibonyezabonyeza, akasema, "Mama, ikifika mwisho wa mwezi ujao nisikusikie tena kwenye ngazi. Ukiendelea baada ya hapo, utatembea na magongo mpaka uzeeni."

Mama akarudi nyumbani amenuna. Miaka kumi na tisa anauza chai pale. Anajua nani hali sukari na nani amekatazwa sukari lakini anaiba vijiko viwili.

"Si uache tu, Mama, upumzike," nikamwambia.

"Nikae nyumbani nikuangalie wewe na hiyo simu? Bora magongo."

Hapo ndipo nikapata wazo, na nilipolipata niliruka mpaka nikagonga taa. Mimi nafanya kazi ofisini kwa mbunge. Bosi ananitumia sauti kwenye simu akiwa garini, mimi nazigeuza kuwa barua. Na mbunge ana haki ya kuuliza swali la maandishi! Analiandika, wizara inapewa siku kumi, Waziri anasaini jibu, jibu linaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, na likishaingia hakuna cha "mimi sikusema."

"Mama, nipe swali lako, bosi atalipeleka."

Mama akavuta pumzi. "Andika: hivi nyinyi watu hamna aibu?"

Nikaandika hilo, na la lifti, na la goti, na kila alichoongeza. Bosi akacheka, akasaini. Nikalipeleka Ofisi ya Maswali, ambako anakaa mama mmoja tunamwita Kalamu Nyekundu. Kazi yake ni kusafisha maswali kabla hayajaenda wizarani. Swali lisiwe na matusi, lisiwe na maoni, lisiwe hotuba. Akalisoma la Mama, akafuta aibu, akafuta goti, akafuta "wallahi nawaambia." Likabaki hivi: *Je, lifti ya jengo la Idara ya Majengo inafanya kazi?*

Siku ya kumi jibu likaja. *Lifti ipo, na inahudumia watumishi kama ilivyokusudiwa.* Saini ya Waziri hiyo hapo, imepinda vizuri kama mkia wa paka.

Nilipomsomea Mama, aliniambia nirudie. Kisha akasema, "Hii ni kazi ya Bwana Ipo."

Bwana Ipo ndiye afisa anayeandika majibu ya idara. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ukimuuliza chochote, barabara, bajeti, ufunguo wa choo, jibu lake ni moja. Na anakaa wapi? Ghorofa ya saba! Kila asubuhi anapanda ngazi zote zile, anafika juu amelowa jasho, anaegemea ukuta dakika mbili nzima kabla hajaweza kusema "sukari mbili." Kisha anakaa kwenye kiti anaandika kwamba lifti inahudumia watumishi!

Kesho yake nilimsindikiza Mama kubeba birika, nikayaona kwa macho yangu.

"Baba, umeandika lifti inafanya kazi?" Mama akamuuliza.

"Mama yangu, mimi sijadanganya," alisema Bwana Ipo, bado anahema. "Lifti ipo au haipo?"

"Ipo."

"Basi. Mkiuliza swali jepesi mnapata jibu jepesi."

"Nifundishe basi kuuliza zito."

"Hiyo si kazi yangu, mama. Niongezee chai."

Mama akalitikisa birika, likasikika limejaa. "Chai ipo," akasema, akageuka akaondoka nalo. Jamani! Nilitamani ningekuwa nimerekodi.

Sasa swali la pili. Niliamua kuwabana kwa idadi, maana kwenye idadi hakuna pa kuchomokea. Nikaandika: *Tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, lifti hiyo ilibeba watumishi wangapi?* Hiyo tarehe niliichagua kwenye kalenda ya simu, kidole kimoja kinatelezesha kalenda, kingine kinajibu ujumbe wa binamu yangu. Kalamu Nyekundu alilisoma mara mbili, akaiweka kalamu chini bila kuifungua.

"Hili sasa ndilo swali," akasema. "Halina hata chozi."

Nikatembea kifua mbele siku mbili nzima. Siku ya tatu bosi akapiga simu. "Hebu niambie, tarehe kumi na nne ilikuwa siku gani?"

Nikafungua kalenda. Nikaifunga. Nikaifungua tena labda itabadilika.

"Jumapili, bosi."

"Jumapili jengo hufungwa."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo umeiuliza serikali, kwa jina langu, lifti mbovu ilibeba watu wangapi kwenye jengo lililofungwa."

"Ndiyo, bosi."

"Wataandika sifuri. Na kwa mara ya kwanza watakuwa wamesema kweli."

Swali lilikuwa limeshakwenda, halirudi. Mama nikamkwepa wiki nzima. Nikimsikia anashuka kitandani kwa kushika ukuta, naingia bafuni nafungulia maji. Zilibaki wiki tatu kufika mwisho wa mwezi wa daktari, na mimi nimechoma swali zima kwa sababu ya kidole gumba.

Siku ya kumi bahasha ikaja. Nikaifungua nimefumba jicho moja.

*Tarehe hiyo, lifti ilibeba watumishi 214.*

Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa Bunge akaja mbio na rungu lake. Mia mbili na kumi na nne! Hiyo ndiyo idadi ya watumishi wote wa idara. Bwana Ipo hakuangalia kalenda wala hakuteremka kuuliza mtu, alichukua tu orodha ya majina akanakili namba ya mwisho. Kwa hiyo, kwa saini ya Waziri, Jumapili ile walipanda lifti watu wote, pamoja na kumi na mmoja waliokuwa likizo, wawili waliokuwa wamejifungua, na fundi bomba mmoja aliyefariki mwaka juzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta.

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akasema, "Nitolee nakala saba."

Asubuhi ile kila ghorofa ilipata chai na karatasi. Ghorofa ya tatu ndipo anapokaa mwakilishi wa wafanyakazi, anaitwa Kifungu, kwa sababu hata akipiga chafya anataja kifungu cha sheria kinachomruhusu. Akaisoma kwa kusimama.

"Kifungu cha thelathini na moja," akatangaza. "Mtumishi aliyefanya kazi Jumapili anastahili siku moja ya mapumziko."

"Lakini sisi Jumapili hatukuja," akasema dada wa masjala.

"Waziri anasema mlikuja. Wewe nani umbishie Waziri?"

Kisha kumbukumbu zikaanza kuwarudia.

"Kweli bwana, mimi siku ile nilichoka sana."

"Lifti ilivyojaa!"

"Mimi nilibanwa na mlango, mpaka leo bega linauma."

"Na marehemu alinikanyaga!"

Mkurugenzi wa idara, alipopelekewa dai hilo, akakwama. Akisema hawakuja, amesema Waziri amelidanganya Bunge. Akisema walikuja, awape siku yao. Alikuna kichwa, akasaini. Wote wakachagua Jumatatu, na jina la kwanza kwenye orodha ya wapumzikaji lilikuwa la Bwana Ipo.

Bosi wangu naye alishapata moto. Alituma swali la tatu, la dharura, la kujibiwa ndani ya siku tatu: *Watumishi hao 214 walifanya kazi gani Jumapili hiyo?* Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu ileile.

Waziri akapiga simu idarani, haipokelewi. Akapiga nyingine, haipokelewi. Mkurugenzi alikuwemo, lakini peke yake, na simu zinalia ghorofa saba. Unamsikia anakimbia huku inakatika, anakimbia kule inakatika. Mama alikuwepo pia, maana yeye si mtumishi na hana kifungu. Tulikuwa tunampelekea Mkurugenzi kikombe kimoja, Mama mbele anapanda kwa mguu mmoja anavuta mwingine, mimi nyuma na birika. Kufika ghorofa ya nne, tukamkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi. Kavua viatu, anajipepea na faili.

Ni Waziri! Waziri mwenyewe! Birika lilitaka kunidondoka.

"Mama, pole," Mama akamwambia. "Kunywa chai kwanza, roho itulie."

Waziri akanywa. Akahema. Akanywa tena. "Hii lifti yenu ina nini?"

"Lifti haina tatizo, mheshimiwa. Inafanya kazi."

"Inafanyaje kazi na mimi nimepanda kwa miguu?"

"Mimi sijui, mheshimiwa. Wewe ndiye uliyesema."

Mama akachomoa karatasi kwenye kikapu, akamkabidhi. Waziri akasoma. Akaangalia saini yake, akaigeuza karatasi kama anatafuta mtu mwingine nyuma. Kisha akamwangalia Mama anavyojishikilia kwenye reli, goti limefungwa kitambaa.

"Unapanda hizi kila siku?"

"Mara nne. Ila mwisho wa mwezi naacha. Daktari kasema nichague."

Waziri alivaa viatu, akamalizia ngazi zilizobaki hadi kwa Mkurugenzi, na sauti yake tuliisikia tukiwa ghorofa ya nne, neno kwa neno, na maneno mengine Kalamu Nyekundu angeyafuta yote.

Kesho yake Bunge lilipokea barua ya masahihisho. Lifti haifanyi kazi, Jumapili haikubeba mtu, itatengenezwa ndani ya siku tisa. Wakati huu ilikuwa na tarehe, na bosi alikuwa ameshaandaa swali la siku ya kumi, akawapelekea nakala mapema ili walale nalo. Watumishi waliambiwa wafidie Jumatatu yao. Kifungu bado anatafuta cha kukataa.

Mafundi walikuja siku ya pili. Siku ya nane taa ya lifti ikawaka. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne.

Mama aliingia na birika lake kama anaingia kwa watu asiowajua. Nikabonyeza saba. Ikatetemeka kidogo, ikapanda. Mama anaangalia namba zinavyobadilika, mbili, tatu, nne. Tulipofika saba mlango ukafunguka, watu wamepanga foleni na vikombe vyao, akina "mama shikamoo, mama lete."

Mama hakutoka. Alinipa birika.

"Wahudumie," akasema. "Mimi nashuka."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Sijawahi kushuka hapa mikono mitupu."

Mlango ukajifunga. Lifti ikashuka, ikapanda, mlango ukafunguka, Mama yumo, anacheka. Ukajifunga tena. Safari ya tano, watu wa ghorofa ya pili waliokuwa wanaisubiri lifti walianza kugonga mlango.