Huko Nani Atalisukuma?

Rebeccah aliinama akachungulia uvungu wa gari. Hakujua alichokuwa akikitafuta, ila alikuwa amewaona wanaume wakifanya hivyo kabla ya kutikisa kichwa, na kutikisa kichwa ndiko kulikomtoa nyumbani.

"Umeona nini, Mama?" Opiyo akauliza. Alikuwa fundi wa magari mjini Kericho, mtu wa kutoka ziwani, na hili lilikuwa gari la tatu kumpandishia kilima hiki.

"Kuna mafuta yanadondoka."

"Hayo ni maji, Mama. Tumevuka mto tukija."

Rebeccah akajiinua taratibu, mkono kiunoni. Gari la kwanza alilikataa kwa kuwa madirisha yake yalipanda na kushuka kwa kubofya tu. Kidude hicho kikifa njiani, aliuliza, mtu atapumulia wapi? La pili lilikuwa fupi. Mgonjwa angelazwa humo amekunja magoti kama panzi. Opiyo alikubali yote mawili bila ubishi, maana yalikuwa na ukweli ndani yake. Hili la tatu lilikuwa refu, kuukuu, lenye springi nene kama za lori, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, na mitungi ya mafuta ya akiba imefungwa juu kwa mnyororo. Lakini Rebeccah aliujua moyo wake. Hata angeletewa gari lililoteremshwa kutoka mbinguni, angelitafutia kasoro mpaka aione.

Mjukuu wake alikuwa ameegemea mlango, ufunguo mkononi. Aliitwa Chepchirchir, jina la mtoto aliyezaliwa kwa haraka, na tangu siku hiyo hakuwahi kujifunza kungoja. Mama yake alifariki yeye hajaota meno. Rebeccah ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya kibuyu na uji wa wimbi, mpaka akawa muuguzi. Sasa kanisa lilitaka kumpeleka kaskazini, ng'ambo ya Marsabit, akapeleke dawa na kubeba wagonjwa kwa gari katika nchi ya mchanga na mawe. Gari la kufaa likipatikana kabla ya Pasaka, angekwenda. Lisipopatikana, nafasi ingekuwa ya mwingine. Naye Chepchirchir, kwa ule upendo wake usiojua kujihadhari, alikuwa amemwambia bibi yake: "Kogo, gari utakalolikataa wewe, sitalipanda."

Neno hilo bibi alilishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa ghala mwaka wa njaa.

Si kwamba aliogopa magari. Huku kwenye chai, gari kukwama si msiba. Mwaka ule wa El Nino, barabara zilipogeuka uji, gari lilikuwa likizama tu, wachuma chai wanatua vikapu, wanachomoza kwenye majani kama kwale, wanasukuma, wanacheka, wanarudi kazini na matope magotini. Hakuna aliyeuliza gari ni la nani. Lakini kule, alisikia, mtu huweza kusafiri kutwa asione hata moshi wa jiko. Huko nani angetua kikapu?

"Twendeni kwenye kinamasi," akasema. "Kile cha chini ya kituo cha majani ya chai, kilichomeza lori. Chepchirchir aliingize, alitoe peke yake. Mtu asiguse."

Opiyo akamgeukia Chepchirchir amwonee huruma. Akakuta gari limekwisha kuwashwa.

Wachuma chai walikuja kama kawaida yao, Elmina, jirani wa Rebeccah, akiwa mbele. "Kogo Rebeccah, leo umekuwa polisi wa barabara?"

"Simameni hapo. Leo hakuna kusukuma."

"Hakuna kusukuma? Basi tumekuja matangani."

Gari liliingia, likanguruma, likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Chepchirchir akashuka, akavua viatu. Akazungusha vile vifundo vya katikati ya magurudumu ya mbele ili nayo yapate kuvuta, akapunguza upepo wa matairi, akatwaa panga akakata matawi ya mkaratusi. Hakuharakisha. Hilo ndilo lililomshtua Rebeccah. Mtoto ambaye chai ilimuunguza ulimi kila asubuhi ya utoto wake alikuwa akipanga matawi moja moja, kama mtu anayepanga kuni za masika mazima. Kwani huyu alijifunza lini kungoja?

Gari likapanda kidogo, likateleza, likarudi palepale.

Lizame, Bwana, Rebeccah akaomba kimoyomoyo. Lizame tu.

Ndipo alipouona uso wa msichana kwenye kioo cha pembeni, meno yameuma mdomo, vilevile alivyouuma siku alipofundishwa kukamua. Injini ikalia. Matope yakaruka. Rebeccah akasikia baridi ikiingia ndani ya gambuti zake, na chini ya viganja vyake chuma kikitetemeka. Hakukumbuka kutoka kwenye nyasi alipokuwa amesimama.

Gari likatoka. Likamwacha ameinama, mikono mbele, akiusukuma upepo.

"Si ulisema mtu asiguse?" Elmina akasema, amejishika mbavu.

"Nimelishikilia nisianguke."

Opiyo akajikuna kichwa. "Sasa Mama, hatutajua. Limetoka lenyewe, ama ni wewe?"

Chepchirchir akaja pekupeku, matope mpaka kwenye nyusi. Hakucheka. "Lina kasoro, Kogo?"

Rebeccah akalizunguka, polepole, duara zima.

"Linayo," akasema. "Huu mlango wa nyuma umelegea. Opiyo aukaze kabla hujaondoka."

Chepchirchir aliichukua mikono ya bibi yake, akaanza kuipangusa kwa upindo wa sketi yake, kidole kwa kidole.

Jioni gari lilishuka kilima kurudi Kericho. Mlangoni nyuma palionekana alama za viganja viwili vya matope, vidogo, vidole vimetanuka.

"Mvua itaziosha hizo," Elmina akasema, akijitwika kikapu.

Rebeccah alilitazama gari mpaka kona ikalichukua.

"Anakokwenda hakunyeshi sana," akasema.