Mbuzi wa Saa Kumi na Mbili

Kila siku jua likianza kulegea, Mutua alichinja mbuzi nyuma ya hoteli yake mjini Lodwar, akamtundika kwenye tawi la mti wa mathenge, akamchuna, na matumbo akamwachia Nakal. Nakal aliyaosha katika beseni la buluu mara tatu: maji ya kwanza ya kutoa samadi, ya pili ya kutoa harufu, ya tatu ya kutoa mchanga, kwa maana mchanga wa Lodwar huingia hata mahali pasipo na mlango. Supu ya matumbo hayo ilisifiwa mpaka Kalemng'orok. Sifa zote alizipokea Mutua, ambaye hakuwahi kuosha utumbo hata mmoja tangu atoke kwao Kitui.

Wateja walikuja kwa supu, lakini walikaa kwa ajili ya runinga. King'amuzi cha Mutua kilikuwa na chaneli ya mauaji matupu, mauaji ya kweli ya nchi za baridi, mume kamficha mke ndani ya friza, nesi kawanywesha wagonjwa sumu. Hoteli nzima ilikuwa imehitimu. Ethuro, mwendesha bodaboda ambaye mifugo yake iliishia kwenye ukame, aliweza kukueleza namna damu iliyofutwa kwa sabuni inavyong'aa ikimulikwa kwa taa ya pekee. Jerotich, askari mpelelezi kutoka Bomet, alikuja bila sare, akaagiza mbavu, na mara nyingi alimtambua muuaji kabla ya matangazo ya kwanza ya biashara.

"Angalia mikono," alikuwa akisema. "Mtu ameua hajui ataweka mikono wapi."

Lomorukai, mwenye malori ya maji ya msaada, hakusema sana. Alikaa kwenye kiti cha karibu na feni, mikono yake imetulia vizuri juu ya meza, na aghalabu ndiye aliyewalipia wote.

Nakal hakutazama runinga. Yeye alikuwa na kesi yake. Binti yake, Atiir, alisimamia tangi la maji kule Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi mbele ya Kakuma, na kila lori lilipofika aliligonga kwa jiwe na kutega sikio. Lori lililojaa hunyamaza. Debe tupu, wamesema wahenga, haliachi kuvuma, na malori mengi yalivuma. Atiir alilisema hilo hadharani, kwenye mkutano, mbele ya watu wenye kiu. Wiki iliyofuata alipanda pikapu nyeupe aje Lodwar kumwona mamake, na hakufika. Nakal alikwenda kwa Jerotich, na Jerotich akamwambia uchunguzi unaendelea. Uliendelea mpaka msimu mmoja wa mvua ukapita mkavu, na wa pili nao ukapita.

Nakal hakutaka mengi. Alitaka mwanawe apatikane azikwe, na mtu mmoja tu, mbele za watu, amuulize mwenye pikapu: ulimpeleka wapi? Lakini pikapu nyeupe ni nyingi Turkana. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomjibu, tena kwa upole.

Mwezi wa saba upepo uling'oa dishi la runinga, likabingirika mpaka ukingoni mwa mto Turkwel, na wateja wakabaki wakitazama ukuta. Kesi ya siku hiyo ilikuwa imefika patamu. Ethuro, kwa kukosa la kufanya, alizunguka nyuma kuangalia matumbo yaliyotandazwa juu ya gunia. Hapo hakuna ajabu. Waturkana wamesoma matumbo ya mbuzi tangu zamani: mshipa ni njia au mto, doa jeusi ni adui, na mwanamume aliyekulia malishoni huyasoma kama wengine wasomavyo gazeti. Kusoma ni kazi ya wanaume. Kuosha ilikuwa kazi ya Nakal.

Ethuro aliiona barabara ya Kakuma, mshipa mwembamba kama kawaida. Aliliona tangi. Kisha doa lililokuwa karibu na tangi likainama, likaokota jiwe, likagonga lori.

"Mutua," aliita, "lete viti huku. Hii iko na picha."

Viti vikaletwa. Utando wa mafuta ulioshika utumbo ulikuwa angavu kuliko runinga, na rangi zake zilikuwa nzuri. Sauti ndiyo haikuwapo, isipokuwa ule mngurumo wa kawaida wa tumbo. Atiir alionekana vizuri kabisa, na gauni lake la njano, akigonga, akitega sikio, akitikisa kichwa. Picha zilikatika pale dereva alipofungua mlango wa lori.

"Si huyu ni binti ya Mama Atiir?" Jerotich aliuliza.

"Ni yeye," alisema Ethuro, na kulikuwa na fahari katika sauti yake. "Kesi ya hapa hapa kwetu."

Walipotosheka kutazama, walirudi mezani kusubiri supu. Nakal alichukua beseni. Atiir alikuwa bado anatembea kwenye ule utando, mdogo kama kidole, alipomwagiwa maji ya kwanza. Nakal alimwomba Mutua amwachie kipande kile cha siku hiyo, hicho kimoja tu. Mutua hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba wateja wamekaa tangu saa kumi na wana njaa. Basi akaosha, maji ya pili, maji ya tatu, na machozi yake hayakuongeza chumvi ya kutosha, ikabidi Mutua aongeze nyingine.

Tangu siku hiyo mbuzi alifunguliwa saa kumi na mbili kamili, matumbo yakatandazwa ndani mbele ya meza. Dishi lilipopatikana, Mutua aliligeuza chombo cha kunyweshea kuku. Walikuja walimu, wakaja wauguzi, akaja mchungaji wa kanisa aliyesema anafanya utafiti tu, na kutoka Kakuma vijana walikodi gari kuja kuona. Ukame ulipofanya mbuzi waadimike, Lomorukai alisimama akatangaza kwamba mbuzi wote ni wake mpaka kesi iishe. Alipigiwa makofi. Wengine walisema mtu kama huyo ndiye angefaa kusimama uchaguzi ujao.

Mbuzi wa pili alionyesha ule mkutano. Wa tatu alionyesha pikapu nyeupe ikisimama kando ya tangi, na Atiir akipanda na kikapu chake cha mkoma. Nambari ya gari haikusomeka. Ethuro alieleza kwamba mbuzi yule alikuwa na minyoo. Nje ya hoteli pikapu nyeupe ya Lomorukai ilikuwa imeegeshwa kivulini, na mbwa wawili walikuwa wamelala chini yake.

"Kwa hizi kesi huwa ni bwana," alisema Jerotich, akitafuna. "Sasa huyu msichana hakuwa ameolewa. Hapo ndio imekuwa ngumu."

Mbuzi aliyefuata alionyesha barabara tupu kati ya Kakuma na Lodwar, na pikapu ikiacha lami mahali penye kichuguu chenye vichwa viwili. Ilitokomea nyuma yake. Ilipochomoza tena, alikuwamo dereva peke yake. Picha zikakatika hapo, na watu wakapiga meza kwa uchungu, uchungu wa kungoja mpaka kesho. Ule mwingine, uchungu wa mwana, aujuaye ni mzazi, naye alikuwa nyuma na beseni.

Nakal alikijua kile kichuguu. Utotoni alichunga mbuzi wa babake pande hizo. Alfajiri alidandia lori la kuni, akiwa na jembe la kuazima na shuka, akachimba nyuma ya kichuguu mpaka akalipata gauni la njano. Alirudi Lodwar na mwanawe kwenye shuka, akamzika nyuma ya nyumba yake. Waliokuja walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Nyakuoth, msichana mkimbizi, Mnuer, aliyechukua kazi ya Atiir pale tangini. Alikuja na lile jiwe la kugongea, laini upande mmoja kwa kushikwa.

"Mama, mimi bado nagonga na hii," alisema. "Lori bado inalia."

Nakal alimwambia alitupe jiwe hilo, kisha akamwambia asilitupe, kisha akalia. Nyakuoth akaondoka nalo.

Hotelini walinuna. Hawakumsema usoni, maana msiba ni msiba, lakini alipoinama juu ya beseni siku ile aliporudi kazini, Ethuro alishindwa kujizuia.

"Pole sana, Mama Atiir. Pole kabisa. Lakini ungengoja kidogo. Sisi hatukuwa tumefika hapo."

Mbuzi wa jioni hiyo alikuwa na afya njema na hakuwa na mnyoo hata mmoja. Dereva wa pikapu aligeuza uso, na kila mtu akamwona Lomorukai, wazi kuliko picha ya kitambulisho. Alikuwa akijipangusa mchanga mikononi. Hakuna aliyeshtuka. Walimu walisema walijua tangu mbuzi wa tatu. Mchungaji alisema mwisho umekuwa mwepesi mno, hauna fundisho. Lomorukai mwenyewe alisogea karibu, akajitazama kwa makini.

"Hiyo shati," alisema, "nilipea shemeji yangu kitambo."

Wakakubaliana kwamba kwa kweli lilikuwa linambana.

Hapo ndipo Nakal alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifuta mikono, akaingia katikati ya viti vya watazamaji, akasimama.

"Muulizeni," alisema. "Yuko hapa. Mmemwona. Mtu mmoja tu amuulize."

Lomorukai aliweka mikono yake juu ya meza, nayo ilijua pa kukaa.

"Mama Atiir," Ethuro alisema polepole, "kipindi imeisha."

Jerotich alimshika Nakal bega, akamtoa nje, akamweleza kama mtoto wake, ingawa Nakal ndiye aliyekuwa na umri wa kumzaa. Korti inataka ushahidi unaokaa. Matumbo hayakai. Yaliyoonekana yote yalikuwa yameoshwa, yamepikwa, yameliwa, na huwezi kupeleka supu mbele ya hakimu. Na ni nani aliyeyaosha? Jerotich hakusema kwamba ni kosa. Alisema tu kwamba wakili yeyote angeanza na swali hilo. Halafu akarudi ndani, kwa sababu bakuli lake lilikuwa limeletwa. Watu walikumbushana kwamba siku za mwizi ni arobaini, wakanywa, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Kwa siku kadhaa mbuzi walionyesha vitu vya kawaida tu, mvua ya mbali, nzige, harusi moja kule Lokichar. Viti vilianza kuwa vitupu. Mutua alikuwa amekwisha kuwanyang'anya kuku lile dishi lao wakati mbuzi mwekundu, zawadi ya Lomorukai, alipofunguliwa na picha zikaonekana tena. Lilikuwa tangi la Kalobeyei. Msichana mrefu aliinama, akaokota jiwe, akagonga lori, akatega sikio, akatikisa kichwa. Kwa mbali, nyuma ya vibanda, pikapu nyeupe ilikuwa imesimama.

"Mpya!" Ethuro alisema. "Kimbia uite walimu."

"Hii inaanza vizuri," alisema Jerotich.

Nakal alikuwa amekuja kuchukua matumbo. Alitazama, na kusoma hakukumhitaji mwanamume.

"Huyo ni Nyakuoth," alisema. "Huyo hajafa. Ako hai, juzi alikuwa kwangu. Jerotich, mwanangu, piga simu."

"Mama, tafadhali," alisema mwalimu wa kwanza kufika. "Usituharibie na hii."

Nakal alipiga mwenyewe, kwa simu yake yenye tochi. Ya Nyakuoth haikupatikana. Basi alimwaga maji ya beseni, akaligeuza beseni juu ya jiwe likauke, akachukua kikapu chake na kuelekea steji. Lomorukai alimfikia mlangoni, funguo mkononi.

"Ejok, mama."

"Ejok-noi," alijibu, kwa kuwa salamu haikataliwi.

"Nasikia unaenda Kakuma. Mimi pia naenda huko. Kwa gari kuna nafasi."

Waliokuwa ndani walisikia, na mchungaji alisema huo ni moyo wa utu, kwa jinsi yule mama alivyomwaibisha. Nakal alimtazama Lomorukai usoni. Akamuuliza yeye mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyekubali kumuuliza: "Atiir ulimpeleka wapi?"

"Si ulimpata, mama?" alisema Lomorukai kwa adabu, akamfungulia mlango wa gari.

Nakal akaupita ule mlango uliokuwa wazi, akaenda kutafuta gari la abiria, naye Lomorukai akamwacha atangulie. Hakuwa na haraka. Alirudi kumlipa Mutua mbuzi wa kesho, kwa kuwa yeye hangekuwapo, kisha akaagiza mbwa wafukuzwe chini ya pikapu, taratibu, asije akawakanyaga.

Kesho yake hoteli ilijaa mpaka watu wakakalia madebe. Kiti cha karibu na feni kilikuwa wazi, hakuna aliyethubutu kukikalia. Mutua alitandaza matumbo saa kumi na mbili kamili. Walioketi mbele waliona barabara, wakaona gari dogo la abiria likishusha mwanamke mzee mwenye kikapu karibu na lile tangi, na nyuma sana, mahali mshipa unapopinda, pikapu nyeupe ikija polepole.

"Huyu naye ni nani?" aliuliza muuguzi mmoja, mgeni.

"Ni mama ya yule wa kwanza," alisema Ethuro. "Nyamaza tuone."

Picha zilikatika pale mwanamke alipoinua mkono kumwita msichana. Watu wakapiga meza. Mutua alitafuta wa kuosha matumbo, akakosa, akayaosha mwenyewe, mara moja tu. Supu ya jioni hiyo ilikuwa na mchanga, na wateja walilalamika sana.