Nyuki wa Miguu Minne

Mwalimu wetu wa biolojia tulimwita Hadubini, kwa sababu hakuna kilichompita. Ukitafuna kitu nyuma ya darasa wakati yeye anaandika ubaoni, atakwambia bila kugeuka kwamba bado kuna punje imekwama kwenye jino. Basi Jumanne moja aliingia maabara na mtungi wa kioo uliofunikwa kwa gazeti, akauweka mezani, akasema hatauonyesha mpaka tuchore.

"Chora nyuki unavyomjua. Dakika kumi. Kila kiungo kihesabike."

Tukafurahi. Nani asiyemjua nyuki? Mimi nilifurahi kuliko wote, maana kuchora ndiyo kazi ya nyumbani kwetu. Baba yangu ni fundi wa mabango. Ukitembea barabara kuu kutoka stendi hadi sokoni, kila unachokiona juu ya milango kimetoka mkononi mwake: mkasi wa fundi cherehani, jogoo wa duka la mayai, buibui anayening'inia juu ya duka la nyuzi. Na kinachowashinda wote ni nyuki wa duka la Mama Asali. Nyuki yule ni mkubwa kama godoro, ana kope ndefu, anatabasamu na ameshika kijiko. Ana miaka kumi na miwili pale juu. Watu huelekezana naye: "Ukifika kwenye nyuki, kata kushoto."

Nilichora kwa raha zangu. Nikatia kivuli chini ya tumbo, na kwa kuwa muda ulibaki, nikatia na tone la asali.

Hadubini alikusanya karatasi akazipitia palepale amesimama. Ya kwanza akakunja uso. Kufika ya tano akavua miwani. Ya kumi akavuta kiti, akakaa.

"Darasa hili lina watu arobaini," alisema. "Thelathini na mmoja mmechora nyuki wa miguu minne. Ishirini na sita mmempa kope. Na wako tisa," akainua karatasi moja kwa ncha za vidole, "ambao nyuki wao ameshika kijiko. Namwomba mtu mmoja tu aniambie, huyu nyuki mmemwona wapi?"

Vichwa vyote viligeuka kunitazama mimi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikakasirika, kwa sababu hao hao waliokuwa wakicheka ndio waliokopa kope za baba yangu bila kuomba. Karatasi yangu ilirudi na sifuri, na chini yake Hadubini ameandika: "Mchoro mzuri sana. Si nyuki."

Ndipo akafunua mtungi. Kila mmoja wetu alipewa nyuki mkavu kwenye kisahani cha kioo, pamoja na lenzi. Wangu nilimtazama kwa chuki, kama mtu aliyenisengenya. Nikahesabu miguu. Sita. Nikadhani mmoja ni wa nyuki wa jirani umenasa, nikahesabu upya. Sita, na yote inatoka kifuani, hakuna hata mmoja wa tumboni. Mabawa nayo yalikuwa manne. Mawili madogo yalijibanza chini ya makubwa yasionekane. Macho yake yalikuwa na vinyweleo. Na kwenye miguu ya nyuma palikuwa na kibapa kilichozungushiwa nywele ngumu, kama kikapu, anapopakia chavua ya maua aipeleke mzingani. Hapo hasira ikaniisha yenyewe. Tangu nianze sekondari biolojia ilikuwa maneno ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Leo ilikuwa chini ya pua yangu, ina nywele, na ilikuwepo siku zote mimi nikiwa sitazami.

"Kengele imelia," Hadubini aliniambia. "Lakini wewe baki."

Nilijua anachotaka kusema. Maabara yetu ilikuwa imetoka kupigwa lipu, na ukuta wa nyuma ulikuwa mrefu, mweupe, haujaguswa. Mwalimu mkuu alitaka uchorwe viumbe mwanzo hadi mwisho, na baba alikuwa ameiomba kazi hiyo. Baba aliishia darasa la saba. Huwaambia wateja wake, "Kichwa changu hakikuingia sekondari, lakini ngojeni, mkono wangu utaingia." Tangu asikie habari ya ukuta ule, kila akiosha brashi alikuwa anaimba.

"Uamuzi wa ukuta nimeachiwa mimi," alisema Hadubini. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililonitisha. "Mzee wako namheshimu. Mkono kama ule sijauona kwa mtu mwingine. Lakini ukuta huu watoto watautazama miaka ishirini, na umeona mwenyewe bango moja limefanya nini. Ijumaa nitamwambia mwalimu mkuu atafute fundi mwingine."

"Na akirekebisha, mwalimu?"

"Miguu hurekebishwa. Wasiwasi wangu ni macho. Baba yako huwa anatazama?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, ila nikajizuia. Nikamwomba nyuki mmoja. Akanitilia kwenye kiberiti kitupu.

Nyumbani nilimkuta baba uani, amesimamisha plaiwudi, anafanyia mazoezi ukuta wa shule. Alikuwa amechora nyuki. Kope, kijiko, miguu minne.

"Umerudi, mama? Njoo umwone huyu. Huyu nimempa tabasamu la kisomi."

Mwoga hakosi njia ya kuzunguka. Nikajifanya nina kazi ya shule. "Baba, nichoree huyu," nikasema, nikafungua kiberiti.

Baba akatupa jicho moja la pembeni, akachukua penseli. "Nyuki namjua." Tangu hapo hakumtazama tena. Alinitazama mimi, akinisimulia kwa mara ya mia jinsi upepo ulivyotaka kumwangusha siku ya bango la Mama Asali. Penseli ikaweka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ikatulia.

Mficha uchi hazai. "Baba, hesabu miguu yake!" Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Wewe mtoto, unataka kunifundisha nyuki?"

"Hesabu tu, baba. Tafadhali."

Alichukua brashi nyembamba, akamgeuza mdudu kwa ncha ya mpini, akahesabu. Alipofika nne mpini ukabaki hewani. Akaanza upya kwa upande wa pili.

"Huyu mgonjwa," alisema.

"Tulikuwa nao darasa zima. Wote wana sita."

"Basi wametoka mzinga mmoja. Ni ukoo wenye kasoro."

Nikamweleza yote: sifuri, wale thelathini na mmoja, kope, na Ijumaa. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alifunika plaiwudi kwa gunia, akaingia ndani. Jioni ile brashi zilioshwa kimya kimya. Mama akaniuliza baba yako ana nini, nikamwambia ni mambo ya nyuki. Akauliza kama kaumwa. Nikasema kaumwa, lakini si mahali pa kupaka dawa.

Alfajiri aliniamsha mwenyewe. "Vaa sare zako, twende kwa Mama Asali kabla hujaenda shule. Pale wanakuja wazima, wa kila mzinga. Nikimpata wa minne, hata mmoja, namtia kwenye kiberiti nampelekea mwalimu wako."

Asubuhi Mama Asali huosha ndoo zake mbele ya duka, na nyuki huja kulamba ukingoni. Baba alichuchumaa, mikono magotini, pua karibu na ndoo. Njiani tulikuwa tumeyapita mabango yake mengine bila yeye kuyatupia jicho, ila mimi niliyatazama.

"Fundi, umepoteza nini?" mpita njia mmoja aliuliza.

"Miguu miwili," baba akajibu bila kuinua kichwa.

Alihesabu nyuki wa kwanza, wa pili, wa saba. Alikuwa akinong'ona, sita, sita, sita. Halafu akaacha kuhesabu, akawa anatazama tu.

"Huyu ana unga wa njano mguuni."

"Ni chavua. Anaibeba kwenye kikapu chake."

"Ana kikapu?"

"Amezaliwa nacho, baba."

"Kikapu!" Alicheka peke yake, kama mtoto aliyeonyeshwa kitu. "Na mimi nikamshikisha kijiko!" Kisha akasimama, magoti yakalia, akainua macho kulitazama bango lake. "Miaka kumi na miwili," alisema, na hapo hakucheka.

Mama Asali alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono. "Mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Mtu afuge nyuki maisha yake yote asijue miguu yao?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyoshuka kwenye ngazi umechangamka kama bwana harusi! Nikasema, miguu miwili isije ikanitia lawamani."

"Kwa hiyo umenisitiri miaka yote hii."

"Nimekusitiri, na asali inanunuliwa."

Baba alimtazama, akalitazama bango, kicheko kikampanda mpaka akashika ukuta asianguke. Mimi nilienda shule siku hiyo nikikimbia, si kwa kuchelewa, kwa furaha tu.

Alhamisi baada ya masomo tuliegesha ngazi. Mama Asali alikubali miguu iongezwe lakini kope alizikatalia katakata. "Kope msiziguse. Wateja wamezizoea." Kushika ngazi ni kazi yangu tangu nikiwa mdogo, ila siku hiyo nilishika ngazi na kutoa amri.

"Hapa pana nafasi," baba alisema akigonga tumbo la nyuki.

"Hapana! Tumboni hakutoki mguu. Yote kifuani."

"Kifuani pamejaa."

"Basi futa yote uanze upya."

"Mnamsikia huyu?" aliwaambia watu waliokwisha kukusanyika. "Nimemzaa mwenyewe, nikampeleka shule mwenyewe." Lakini alifuta.

"Fundi," mmoja akapiga kelele, "nyuki wako leo kajifungua miguu!"

"Amechoka kuwaelekeza njia. Anataka kukimbia!" mwingine akadakia.

Baba alikuwa anamalizia mguu wa sita niliposikia breki za baiskeli nyuma yangu. Hadubini. Nikamwamkia, akaitikia akiwa ameshaanza kuhesabu kwa kidole hewani.

"Sita," alisema. "Yote kifuani. Vizuri." Kidole kikapanda juu kidogo. "Na mabawa?"

Baba aliniinamia kutoka juu. "Mabawa yamefanya nini?"

"Yako manne, baba."

"Na hukusema!"

"Nilitaka upumue kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Baba hakuwajali. Alimgeukia Hadubini, brashi ikidondosha rangi nyeusi kwenye begi langu. "Mwalimu, ni kweli nilikuwa sitazami. Nilikuwa nachora nilichokizoea. Ukuta kama umempa mtu mwingine, mpe, sina kinyongo. Lakini naomba nije nikae na watoto, nami niwatazame hao wadudu. Nipewe ukuta, nisipewe."

Hadubini alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Jumatatu saa mbili," alisema. "Njoo na penseli. Rangi ziache nyumbani."

Jumatatu baba alikuja amepiga pasi shati na suruali, hata kofia nadhani aliipiga pasi. Alikaa kwenye stuli kando yangu, magoti yakakataa kuingia chini ya meza. Hadubini akalitangazia darasa: "Huyu ndiye atakayetuchorea ukuta. Ila hatagusa brashi mpaka amalize kutazama." Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama tuko kwenye gari linalopita kwenye mashimo.

Tukapewa panzi. Baba aliinamia lenzi, na baada ya dakika moja alikuwa ametusahau wote. Uso ule niliujua, kwa sababu wiki iliyopita ulikuwa wangu. Alihesabu, akachora mstari, akatazama tena, akaufuta, akauchora upya. Hakutia kope.

Karibu na mwisho wa kipindi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono ule ule wenye rangi ndani ya kucha, umesimama wima juu ya vichwa vyetu, ukisubiri kuitwa kama wa mwanafunzi yeyote. Hakuna aliyecheka. Nilimpenda baba yangu saa ile mpaka nikashindwa kumtazama.

"Ndiyo, mzee," alisema Hadubini.

"Mwalimu, samahani. Na buibui, yeye ana miguu mingapi?"

"Minane."

Mkono ukashuka polepole. Nilihisi ananigeukia, lakini mimi nilikuwa nimeshahamishia macho dirishani. Yule wa duka la nyuzi nilikuwa nimemhesabu tangu Jumatano. Ana sita.

"Shule ikitoka," baba akaninong'oneza, "usiende popote. Utanishikia ngazi."